Uliza Fundi Vibao: Ngao nzuri haiibani namba yake

Toleo hili nimechagua barua nne, zote za vibao vya namba za barabara kuu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, nyingine kwa kadiri zilivyohitaji.

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni dereva wa semi, mzaliwa wa Ifakara, sasa naishi Dallas. Kila wiki napakia Laredo, mpakani na Mexico, napanda na Interstate 35, moja ya barabara kuu za kuunganisha majimbo. Mwezi uliopita, usiku wa manane na mvua inanyesha, nilifika Hillsboro pale barabara inapogawanyika: 35E inakwenda Dallas, 35W inakwenda Fort Worth. Ngao mbili, vile vibao vya namba vyenye umbo la ngao, zinafanana kwa kila kitu isipokuwa kiherufi kimoja. Nilipokuja kukisoma, nilikwisha kuingia upande wa Fort Worth. Mpwa wangu anayesomea usanifu wa michoro aliposikia, akaichora upya ngao ya Interstate. Nimeiambatisha. Nyumbani wote tumeipenda. Je, vibao hivi haviwezi kubadilishwa vikapendeza na kuonekana vizuri zaidi? Na kijana aipeleke wapi kazi yake? — *Dereva, Dallas, Texas*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Umefika salama na mzigo umefika, hayo ndiyo makubwa.

Barua yako imekaa mezani kwangu siku nane kwa sababu sikutaka kuijibu kwa maneno matupu. Wasomaji wapya hawanijui: nilianza kazi hii Tanga, nikiandika kwa brashi majina ya maduka na ya mabasi, kisha nikafanya miaka kumi na tisa katika karakana ya vibao huko Ohio. Kazi yangu ilikuwa kubandika karatasi ya kuakisi mwanga juu ya bati la alumini. Ngao za namba zimepita mikononi mwangu kwa maelfu. Basi mchoro wa mpwa wako sikuutazama kwenye simu. Nilikwenda kuuchapisha kwa ukubwa wake halisi, inchi 24 kwa 24, nikaugandisha kwenye ubao.

Kwanza nimsifu. Mkono anao. Amelifuta neno INTERSTATE kwenye utepe mwekundu wa juu, ngao nzima ameifanya bluu inayoanza nzito kileleni na kuchujuka kuelekea nchani, na tarakimu zake ni ndefu, nyembamba, rangi ya fedha. Nimeelewa kwa nini nyumbani mmeipenda.

Kwa bahati alileta tarakimu zote kumi, nikamwachia mjukuu wangu achague namba bila kuniambia. Akauegemeza ubao kwenye uzio mwisho wa mtaa wetu, na kando yake ngao ya kawaida, moja iliyokataliwa karakanani zamani kwa kuwa karatasi yake ilifanya kipovu. Hiyo nayo aliibandika namba nyingine juu ya ile ya kwanza. Saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni kwangu, nikaanza kurudi kinyumenyume nikihesabu hatua. Ngao ya mpwa wako iliniponyoka kwenye hatua ya 71. Niliona kuna kitu cha bluu, namba sikuiona tena. Ile ya kawaida nilikuwa bado naisoma kwenye hatua ya 118, na mimi ni mzee wa miaka 68 mwenye miwani.

Sasa zigeuze hatua hizo ziwe muda, maana dereva anaishi kwenye muda. Mwongozo wa taifa wa vibao vya Marekani, ule wanaouita MUTCD, unahesabu kwamba kila inchi moja ya kimo cha herufi inasomeka kwa umbali wa futi 30. Zamani walihesabu futi 50. Hesabu ikashushwa, na toleo la 2009 likasimama kwenye 30, kwa sababu madereva wengi si vijana na macho yao si ya rubani. Ngao ndogo ya Interstate ina tarakimu za inchi 10. Hiyo ni futi 300, kama mita 91. Ukiwa kwenye mwendo wa maili 65 kwa saa unakata mita 29 kila sekunde. Una sekunde tatu, na ndani ya hizo utazame pia kioo cha pembeni ujue mkia wa trela lako uko wapi. Ngao ya inchi 36 ina tarakimu za inchi 15, nayo inakupa karibu sekunde tano. Mwambie mpwa wako kwamba hizo sekunde mbili za nyongeza hazikutokana na rangi wala mtindo. Zimetokana na ukubwa wa namba tu.

Hapo ndipo nilipo na neno moja ambalo ningependa alibandike juu ya meza yake: ngao nzuri ni ile inayoipa namba nafasi. Fundi anayejua kuacha nafasi tupu pembeni mwa tarakimu hufanya kibao kipendeze na kisomeke kwa pigo moja. Nimebandika ngao mbaya nyingi, na karibu zote ubaya wake ulikuwa ule ule: namba imebanwa, imegusa ukingo, imekondeshwa ili ienee.

Usiku mambo yanageuka kidogo. Karatasi ya kuakisi ina shanga ndogo mno za kioo, au vijipembe vidogo vilivyopangwa kama sega, vinavyorudisha mwanga kule kule ulikotoka, yaani kwenye taa zako na macho yako. Nyeupe ikipigwa na taa kali hufurika. Matundu ya 6, 8 na 9 hujaa mwanga na tarakimu zote tatu huwa donge moja. Kwa hiyo wembamba wa mistari ya mpwa wako haukuwa kosa lote. Kwenye karatasi kali, mstari mnene kupita kiasi nao unaumiza. Kosa lake ni rangi ya fedha juu ya bluu iliyochujuka, maana hapo hakuna mpaka mkali kati ya namba na kinachoizunguka, na mvua ya Hillsboro ingekimeza hata hicho kidogo kilichopo. Tarakimu iwe nyeupe tupu, juu ya bluu moja isiyobadilika.

Utepe mwekundu auache. Ninajua neno INTERSTATE halisomwi na mtu kwa kasi ile, herufi zake ni ndogo. Lakini ule mgawanyo wa nyekundu juu na bluu chini unatambulika kabla namba haijafika machoni. Dereva hujua kwanza kwamba hiyo ni ngao ya Interstate, kisha hutafuta namba. Mchoro huo una historia. Baada ya sheria ya 1956 ya kujenga barabara hizo, chama cha maafisa wa barabara wa majimbo, AASHO kwa wakati ule, kiliomba michoro kutoka majimboni, na mwaka 1957 kikapitisha ngao tunayoijua. Umbo lilitokana na kazi ya Richard Oliver, mhandisi wa Texas, jimbo lako hilo, na rangi zikatoka kwenye mchoro wa Missouri. Jina la jimbo lilikuwamo pia, juu ya namba. Siku hizi si lazima na majimbo mengi yameliacha, na mimi nasema wamefanya vyema, kwani nafasi ile imerudi kwa tarakimu. California bado inalibakiza. Dereva anajua yuko California.

Ingawa California hiyo hiyo ina jambo ninalolipenda kwa moyo wote. Barabara za zamani zaidi, zile za US zilizopewa namba Novemba 1926, zina ngao nyeupe yenye namba nyeusi, umbo lililochukuliwa kwenye ngao ya muhuri wa taifa. Mwanzo bati lenyewe lilikatwa kwa umbo la ngao. Baadaye, kwa sehemu kubwa ya nchi, ngao ikawa inachapwa katikati ya mraba mweusi. Karakanani tulielewa sababu: miraba inakatwa kwenye bati bila kubakiza vipande, na msumeno haupiti kwenye mikunjo. Usiku mraba hauna madhara, kwa kuwa wino mweusi hauakisi, na kinachobaki gizani ni ngao nyeupe peke yake. Lakini mchana dereva anaona mraba kwanza, kisha ngao. California waliendelea kukata bati kwa umbo. Ukiiona ile ngao ya US 101 imesimama mbele ya kilima kikavu, mpaka wake wote ukichora angani, utajua umbo lenyewe linafanya kazi hata kabla ya namba. Kama kuna kitu kimoja ningeomba kirudishwe nchi nzima, ni hicho.

Tena kuna tarakimu tatu. Namba kama 281 au 290 haienei kwenye ngao ya inchi 24 bila mateso. Njia mbili zipo. Ama unatanua bati liwe inchi 30 na ngao inakuwa pana kupita uzuri wake, ama unabakiza bati na kukondesha tarakimu. Mimi nachagua upana mara zote. Ngao iliyonenepa haipendezi, lakini tarakimu zilizokondeshwa zinashikana kutoka mbali kama meno ya kitana. Hapa ndipo ningetaka mpwa wako atie akili yake: achore ngao pana ambayo imezaliwa pana, si ile nyembamba iliyovutwa masikio. Kazi hiyo haijafanywa vizuri bado, na inahitaji mkono kama wake.

Turudi Hillsboro. Pale 35 ziko mbili na dereva anayefika hahitaji kuambiwa 35, anaijua tangu Laredo. Anachohitaji ni E au W. Kwenye kibao cha kutenganisha, kile kinachotofautiana ndicho kipewe nafasi kubwa. Herufi iwe na kimo sawa na tarakimu, kwenye ngao pana, na jina la mji likae karibu yake. Na sehemu kama hizo kuna tiba nyingine inayotumika kwenye miji kadhaa: ngao yenye rangi zake kamili inachorwa juu ya lami, ndani ya njia yenyewe, imerefushwa ili ikitazamwa kutoka kwenye usukani ionekane sawasawa. Mvua ikiwa kubwa lami hung'aa na kuificha, hilo nakubali, lakini mchana na usiku mkavu inamwambia dereva yuko wapi bila kumfanya ainue macho.

Kuhusu kazi ya kijana kuipeleka mahali. Msanii mmoja wa Los Angeles, Richard Ankrom, hakupeleka popote. Alikuwa amewahi kupotea kwenye barabara ya 110 katikati ya mji kwa sababu kibao cha juu hakikuonyesha njia ya kwenda Interstate 5 kaskazini. Akatengeneza mwenyewe ngao ya 5 na neno NORTH kwa vipimo rasmi, akalinganisha rangi, akapulizia rangi ya kijivu nyepesi juu yake ili ifanane na uchafu wa kibao cha zamani. Agosti 5, 2001, amevaa kofia ngumu na kizibao cha machungwa, akapanda kwenye daraja la vibao na kuifunga. Kazi ilichukua chini ya nusu saa. Kwa miezi karibu tisa hakuna aliyegundua. Habari ilipotoka, wahandisi wa jimbo walikikagua wakakiacha, na mwaka 2009 kibao kipya kilipowekwa kilibeba ngao hiyo hiyo. Mpwa wako asipande popote, kule juu ni kifo na jela. Namtaja msanii huyo kwa sababu kilichokifanya kibao chake kiishi miaka minane ni kwamba hakubuni kitu kipya. Aliona pengo, akaliziba kwa lugha ambayo madereva waliizoea.

Njia halali ni hii: mamlaka ya taifa ya barabara kuu inaruhusu majaribio ya vibao vipya, lakini ombi lazima litoke kwa idara inayosimamia barabara yenyewe, ya jimbo au ya mji. Kijana peke yake hatasikilizwa. Amtafute mhandisi wa usafiri wa barabarani kwenye idara, amwonyeshe tatizo moja la mahali pamoja, siyo ngao ya nchi nzima. Na ajue kwamba ngao ya Interstate ni alama iliyosajiliwa, asianze kuiuza kwenye fulana. Akishachora ile ngao pana ya 35E anitumie tena. Nitaichapisha na kurudi na hatua zangu pale mtaani.

SWALI: Jambo papa Fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumetoka Uvira, sasa tuko Fargo, North Dakota. Mtoto wangu wa miaka 11 anapenda kuhesabu vibao tukiwa safarini. Anasema zamani vibao vya jimbo vilikuwa na kichwa cha mtu, sasa vina ramani tu. Vingine vya kichwa bado tumeviona. Anauliza mtu yule ni nani na kwa nini ameondolewa. Na mimi nauliza: si kilikuwa kizuri zaidi? — *Mama wa Fargo*

JIBU: Jambo mama, na mpe mtoto mkono wangu. Huyo atakuwa fundi.

Kichwa kile ni cha Marcellus Red Tomahawk, mtu wa Standing Rock, kusini mwa jimbo lenu. Alikuwa askari polisi wa eneo lililotengewa Wasioux, watu asilia wa huko, na alikuwamo kwenye kikosi kilichokwenda kumkamata kiongozi wao Sitting Bull Desemba 15, 1890, siku ambayo Sitting Bull aliuawa. Jimbo lilianza kutumia sura yake kwenye vibao mwaka 1923. Tangu 2016 linabadilisha, kila kibao cha zamani kinapochakaa kinawekwa chenye umbo la jimbo. Ndiyo sababu mnaviona vyote viwili.

Kwamba kilikuwa kizuri zaidi, mama, nakubali kama picha. Kama kibao, sikubali. Uso wa binadamu una pua, kidevu na manyoya kichwani, na vyote hivyo vinakula nafasi. Namba inawekwa shavuni. Ikiwa ni tarakimu moja au mbili inakaa, zikiwa tatu zinabanwa kama watu kwenye daladala. Washington, kule pwani ya magharibi, wao bado wana kichwa cha George Washington, na tatizo lao ni hilo hilo. North Dakota wana bahati ambayo majimbo mengi hayana: ramani yao ni karibu mstatili, upande wa mashariki tu ndio unaopindapinda kwa kuufuata mto Red unaopita hapo Fargo. Ndani ya umbo hilo namba inakaa katikati, pana, ina hewa pande zote. Ohio nilikofanya kazi tulikuwa na ramani pia. Ohio inachongoka kuelekea chini, na tarakimu tatu zilikuwa zinatutesa.

Kuna swali jingine ambalo mtoto atakuja kulifikia mwenyewe akikua, kama sura ya mtu wa watu fulani inafaa kuwa mapambo ya kubebea namba, tena mtu ambaye kumbukumbu yake miongoni mwao ina uchungu. Mimi nadhani haifai. Namba ni ya barabara, na sura ni ya mtu.

Mwambie atafute vibao vya majimbo mengine mkisafiri. Kansas ni ua la alizeti. Utah ni mzinga wa nyuki. Pennsylvania ni jiwe la kufungia tao. New Mexico ni jua la Wazia, watu asilia wa huko, duara lenye miale minne minne, na mimi naliona ndilo zuri kuliko yote kwa sababu miale iko nje na katikati pamebaki peupe kwa namba. California ni umbo la koleo la wachimba dhahabu, kijani. Na New Hampshire wana uso wa mzee wa mwamba, mwamba halisi mlimani uliofanana na mtu aliyetazama pembeni. Mwamba ule uliporomoka Mei 3, 2003. Kwenye vibao bado upo, na watu wa huko hawataki utoke. Hapo, ingawa namba inabanwa, sina moyo wa kuwaambia wabadilishe.

SWALI: Habari mzee. Nasomea usanifu Nairobi. Tumefundishwa kwamba Marekani walibuni mwandiko mpya wa barabarani uitwao Clearview, wakaukubali, wakaukataa, wakaukubali tena. Mbona hivyo? Na je, ungesaidia namba za kwenye ngao? — *Mwanafunzi, Nairobi*

JIBU: Nzuri, kijana. Mwalimu wako amesema kweli. Mwandiko wa zamani, unaoitwa Highway Gothic, ulitokana na kazi ya serikali ya miaka ya 1940 na una unene tofauti, kutoka mwembamba hadi mpana. Don Meeker na James Montalbano, pamoja na watafiti, walitengeneza Clearview ili kutibu ule mfuriko wa mwanga nilioueleza juu: herufi ndogo zina miili mirefu zaidi, na matundu ya *a* na *e* yamefunguliwa. Mwaka 2004 mamlaka ya barabara kuu ikaruhusu utumike. Januari 2016 ikaondoa ruhusa, Machi 2018 ikairudisha baada ya Bunge kuingilia.

Sababu waliyoitoa 2016 ni ya kumfaa kila fundi. Walisema sehemu ya ubora uliopimwa mwanzoni ilitokana na kwamba kibao kipya chenye karatasi mpya kililinganishwa na kibao kikuukuu kilichofifia. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu mara nyingi. Badilisha karatasi iliyochoka, bakiza mwandiko ule ule, na madereva watakuambia umebuni herufi mpya. Pia kwenye maandishi meusi juu ya rangi nyepesi Clearview ilishindwa na ule wa zamani.

Na hilo la mwisho linajibu swali lako la pili. Ruhusa ya Clearview ni ya majina ya miji, nyeupe juu ya kijani na rangi nyingine nzito. Namba ndani ya ngao hazimo. Ukitaka kuisaidia namba, ipe upana na karatasi safi. Tarakimu za zamani, aina ya D ya Highway Gothic, bado sijaona za kuzishinda.

SWALI: Mzee, nimeishi Leicester miaka kumi na minne. Huku Uingereza hakuna ngao wala mapambo, namba imeandikwa tu: M1, A46, A6. Nasafiri vizuri sana. Hao Wamarekani wanahitaji maumbo yote hayo ya nini? — *Mkazi wa Leicester*

JIBU: Wanayahitaji, ndugu yangu, kwa sababu namba zao zina wenyewe wengi. Mji wa Dayton, Ohio, Interstate 75 inakatana na barabara ya 35, lakini hiyo ni US 35, wala haina undugu na Interstate 35 ya dereva wetu wa Dallas, ambayo haifiki Ohio kabisa. Na huko kwake Texas kuna barabara ya jimbo nayo ni 35, inafuata pwani. Namba ni ile ile, wenyewe watatu. Kinachowatenganisha ni umbo peke yake.

Huko kwenu wabunifu wa vibao, Jock Kinneir na Margaret Calvert, walipewa nchi yenye mpango mmoja wa namba, na herufi M, A au B imekwisha kusema daraja la barabara. Walianza na barabara ya kuzunguka Preston, iliyofunguliwa Desemba 1958, na mpango wao wa nchi nzima ukaanza Januari 1, 1965. Walichofanya ni kuipa rangi kazi ya umbo: bluu kwa M, kijani chenye namba za njano kwa A kubwa, nyeupe kwa za mitaani. Ukiona namba iko ndani ya mabano, ujue bado hujaifikia, unaelekezwa kwake tu. Naipenda kazi yao kuliko karibu vibao vyote nilivyopata kuviona, hasa ile njano ndogo ya A46 juu ya kijani, ambayo hata kwenye picha uliyonituma, iliyopigwa kwenye ukungu, niliisoma kabla ya kuvaa miwani.